Kusuka nywele wakati wa kipupwe: kuanzia kuchagua mtindo hadi siku ya kufumua

Juni ikishaingia, sisi tunaoishi Njombe tunajua kinachofuata. Mchana jua linawaka na mbingu iko wazi, lakini upepo ni mkavu, na usiku baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Kule Makete na uwanda wa Kitulo watu huamka wakakuta sakitu imetanda kwenye nyasi. Mvua zimekatika, vumbi limeanza. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na nywele nazo zinakauka kimyakimya mpaka siku unapochana unakuta vipande vifupivifupi vimejaa kwenye kitana.

Nywele za kipilipili ndizo zinazoumia zaidi. Mafuta ya asili ya kichwani hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo ncha zinabaki kavu mwaka mzima, na kipupwe kinamalizia. Ndiyo maana wengi wetu tunasuka msimu huu: nywele zikifungwa hazichanwi kila siku, hazisuguliwi na kola ya sweta, hazipigwi na upepo. Lakini mimi nasuka watu, na ninachokiona kila Agosti wanapokuja kufumua ni kwamba kusuka peke yake hakulindi chochote. Nywele iliyosukwa ikiwa kavu inakatikia humohumo ndani ya msuko. Iliyosukwa ikiwa mbichi, au iliyooshwa ikasahauliwa bila kukauka, inanuka na kuwasha. Baridi inataka uangalie mambo hayo mawili kwa pamoja, maji ndani ya unywele na ukavu kwenye shina, na mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Kwanza, ijue baridi ya kwako

Baridi ya Njombe, Makambako, Iringa na Mbeya ni kavu, yenye upepo na vumbi. Baridi ya Nairobi na Limuru mwezi wa Julai ni ya mawingu na manyunyu. Jua linaweza lisionekane siku nzima, na nguo zinakaa kwenye kamba mpaka kesho. Lushoto kuna ukungu. Huwezi kutunza nywele kwa namna moja kote huko.

Penye baridi kavu, kazi yako kubwa ni kuingiza maji kwenye nywele na kuyazuia yasitoke. Rasta za kawaida, yaani misuko ya kuongezea nywele bandia, unaweza kuosha na zikakauka siku hiyohiyo. Penye mawingu, kazi kubwa ni kukausha, kwa hiyo epuka mtindo wowote mnene unaoshika maji. Walioko Ulaya au Amerika Kaskazini wana hali ya tatu: nje baridi, ndani vyumba vinapashwa joto na hewa yake ni kavu kabisa. Hao wafuate ya Njombe, na waweke mkazo kwenye kulala na kitambaa cha satini.

Jambo dogo linalowapotosha wengi ni glisirini. Hii huvuta maji kutoka hewani. Pwani, au Nairobi penye unyevu, inafanya kazi vizuri. Huku kwetu mwezi wa Julai hewani hakuna maji ya kuvuta, hivyo inaweza kuyavuta yaliyomo kwenye unywele wenyewe. Kama kipulizio chako kina glisirini nyingi na nywele zinazidi kuwa kama nyasi, iweke pembeni hadi mvua zirudi.

Andaa nywele siku kadhaa kabla ya kusuka

Usije kwa msusi na nywele ulizofumua jana usiku. Zipe walau wiki moja ya kupumzika, na ndani ya wiki hiyo fanya haya:

1. Osha kwa shampuu, ukisugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, siyo kucha. Suuza mpaka maji yatoke safi.

2. Paka kondishena nzito, gawa nywele mafungu manne, funika kwa mfuko wa nailoni na kilemba juu yake, kaa nayo nusu saa. Joto la kichwa chenyewe linatosha. Kama una uwezo wa kwenda saluni kufanya stimingi, yaani kufukiza nywele kwa mvuke, bora zaidi.

3. Chambua mafundo kwa vidole, kisha chanuo lenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha kupanda juu.

4. Kata ncha zilizochanika. Ncha mbovu ikiingia ndani ya msuko itaendelea kuchanika kupanda juu, na utaipoteza sehemu kubwa zaidi baadaye.

5. Nywele zikiwa na unyevunyevu, paka krimu ya kulainisha, halafu funga kwa mafuta. Huku Njombe parachichi ni zao letu na mafuta yake yanapatikana. Mimi nayapenda kwa sababu hubaki majimaji hata asubuhi ya baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Julai huku yanakaa kwenye chupa yakiwa meupe kama samli. Si kwamba yameharibika. Tumbukiza chupa kwenye kikombe cha maji ya moto dakika chache, lakini uyapake kidogo, maana yakiganda tena kichwani yanaacha weupe kwenye njia za msuko ambao watu wanaudhania mba. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanashika vumbi. Yaweke kwa ajili ya ncha tu.

6. Siku ya kusuka, nywele ziwe zimenyooshwa na zimekauka kabisa. Kunyoosha hakuhitaji draya ya moto: suka mabutu makubwa usiku, asubuhi fumua.

Kama unatumia dawa ya kulainisha nywele, acha zipite wiki mbili kabla ya kusuka. Na ukiona kichwani mapunye, yale mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, usisuke kabisa. Nenda kituo cha afya, kwa sababu mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kunywa, krimu peke yake haitoshi. Wakati wa likizo ya Juni watoto wengi husukana nyumbani kwa kitana kimoja, na ugonjwa unazunguka mtaa mzima. Mama, kila mtoto awe na kitana chake.

Kuchagua mtindo

Nitaanza na ninaoupenda, hata kama wengi wanauona wa kibibi: nywele za uzi. Hakuna mtindo unaofaa kipupwe kuliko huu. Unagawa nywele mafungu, kila fungu unalizungushia uzi mweusi kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, na nywele inanyooka yenyewe bila moto. Hakuna uzito wa nywele bandia, ngozi ya kichwa iko wazi kwa kupakwa mafuta, na ukiosha inakauka mapema. Ufundi wake uko kwenye shina. Mizunguko miwili au mitatu ya kwanza iwe imelegea kiasi kwamba unaweza kupitisha ncha ya sindano chini ya uzi. Ukikaza hapo, nywele inakatikia hapohapo. Katikati kaza kidogo ili ishike. Kwenye ncha rudisha uzi juu kidogo na ufunge, ili ncha ifichike ndani. Kaa nazo wiki mbili hadi tatu. Unaweza kuziinamisha ukaziunganisha kama matao, na juu yake kofia inakaa bila shida.

Twende kilioni, ile misuko ya njia zinazolala kichwani kuelekea nyuma, ni ya pili kwangu, hasa kwa anayevaa wigi kazini. Suka njia chache, bapa, bila nywele za kuongezea au kwa kuongeza kidogo tu. Wigi inakinga upepo na vumbi, jioni unaivua, unapuliza maji, unapaka mafuta kwenye njia. Usitumie gundi kwenye paji la uso. Ngozi kavu ya msimu huu ikibandukana na gundi inaondoka na vinywele. Twende kilioni zisizidi wiki mbili au tatu, kwa kuwa ngozi inakuwa wazi na vumbi linajaa kwenye njia.

Rasta ndizo zinazodumu zaidi, wiki sita hadi nane. Kwa kipupwe omba za ukubwa wa kati, zisizo na fundo kwenye shina, yaani msusi anaanza na nywele yako mwenyewe na kuongeza rasta taratibu kadiri anavyoshuka. Zile za fundo huweka uzito wote kwenye shina tangu siku ya kwanza. Ndogo sana zinachosha nywele wakati wa kusuka na kufumua. Nene sana zinavuta. Urefu wa mgongoni unatosha. Zinazofika kiunoni zinabanwa na sweta, koti na mkoba, na kila ukivaa koti unavuta kichwa.

Rasta zenyewe ni plastiki, na wengi huwashwa kichwa na dawa iliyopakwa kiwandani. Usiku wa kuamkia kusuka, zitoe kwenye pakiti bila kufungua mpira, ziloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye vijiko vichache vya siki. Utaona utando mweupe juu ya maji. Suuza, tundika zikauke. Kwa kuwa ni plastiki, zikae mbali na moto: msimu huu tunaota jiko la mkaa, na rasta ndefu ikiinamia jikoni inayeyuka au kushika moto mara moja. Zifunge nyuma kabla hujakaribia jiko.

Dredi bandia za nyuzi za kufumia masweta ni nzuri kwa macho na zina joto, lakini zikiloa ni nzito na hazikauki haraka. Mkazi wa Limuru asizijaribu Julai. Njombe unaweza, kwa sharti kwamba utaosha mara chache na utakaa juani nusu siku. Wenye dredi zao wenyewe, wanaume kwa wanawake, wana shida hiyohiyo ya kukauka, na hatua ya kuosha iliyo huko chini inawahusu vilevile.

Kwa watoto wadogo: mabutu, au uzi uliolegea. Basi.

Ukiwa kwenye kiti

Wateja wengi huogopa kusema. Wengine wanadhani maumivu ndiyo ushahidi wa kazi nzuri. Mazungumzo ninayoyasikia mara nyingi ni haya:

"Dada, hapo mbele panauma, nilegezee kidogo."

"Vumilia mpenzi, nikilegeza itafumuka mapema."

Msusi aliyejibu hivyo amekosea, na una haki ya kusisitiza. Msuko unashika kwa mpangilio wa vidole, siyo kwa kuvuta ngozi. Mwambie aache nje vinywele laini vya kwenye paji na kisogoni, na aanzie nyuma yake kidogo. Akimaliza, kabla hujalipa, pandisha nyusi, cheka, inama, geuza shingo. Ngozi ikivutika, au ukiona vijipele vyeupe kwenye shina, afumue hizo za mbele azirudie. Kichwa kinachohitaji dawa ya maumivu ili ulale kimekazwa kupita kiasi. Nywele za mbele zikivutwa mara moja au mbili hurudi. Zikivutwa miaka kwa miaka, shina linakufa na kipara kinabaki.

Siku tatu za kwanza usizifunge juu. Ziache zining'inie.

Kulala na kutoka nje

Sweta na kofia za kufuma tunazovaa msimu huu ndizo zinazokula nywele za kandokando. Nyuzi zake zinasugua na kunyonya mafuta. Suluhisho ni kuitia kofia bitana ya satini, kazi ya jioni moja:

Nenda mitumbani utafute blauzi au bitana ya koti ya satini. Ipitishe juu ya kiganja kikavu. Ikiteleza bila kukwama, inafaa. Kunja kitambaa mara mbili, laza kofia juu yake, chora kuizunguka ukiacha sentimita 2 za kushonea. Kata, shona vipande viwili upande wa duara, halafu chomeka ndani ya kofia, mshono ukiangalia nje ili usiguse nywele. Shona ukingoni kwa mkono, mishono ya kupinda kama nyoka, na kitambaa ukikunjekunje kidogo unaposhona. Kofia ya kufuma inavutika, satini haivutiki, na ukiishona ikiwa imenyooka kabisa kofia haitaingia kichwani.

Usiku funga kilemba cha satini, au vika mto foronya ya satini. Anayepanda bodaboda avae kitambaa hicho chini ya helmeti, na asifunge rasta utosini, maana helmeti itaketi juu ya fundo na haitamkinga.

Kila wiki

Mara mbili au tatu kwa wiki, jioni mapema, puliza maji yaliyochanganywa na kondishena kidogo kwenye urefu wa msuko, hasa ncha na sehemu ambayo nywele yako inaishia ndani ya rasta. Unyevunyevu tu, yasidondoke. Kisha paka mafuta mepesi kwa viganja. Kwenye ngozi ya kichwa matone machache kwa ncha ya kidole yanatosha. Mafuta mengi juu ya vumbi la Njombe hugeuka uchafu mweusi kwenye shina, na huo ndio utakaokutesa siku ya kufumua.

Kuosha ukiwa umesuka

Kila baada ya wiki mbili osha. Baridi siyo sababu ya kuacha. Ngozi inatoa jasho chini ya kofia. Chagua siku ya jua na uanze saa nne asubuhi, uwe umemaliza kabla ya saa sita. Ikishapita saa nane mchana, ahirisha hadi kesho.

Changanya shampuu kidogo na maji mengi, sehemu 1 kwa 5, kwenye chupa yenye mdomo mwembamba kama ya tomato. Pitisha mdomo wa chupa kwenye njia, mwaga, papasa kwa vidole. Povu linaloteremka linatosha kwa urefu wa rasta. Suuza kwa maji ya vuguvugu, muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa sababu shampuu iliyobaki inawasha. Kondishena ipake kwenye ncha tu na uisuuze yote.

Kamua rasta chache chache kwa fulana kuukuu ya pamba. Kaa juani ukiwa umezitawanya, ukizigeuza kila baada ya muda. Nje zitakuwa kavu ndani ya saa moja au mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika wakavaa kofia. Jaribu hivi: shika rasta nene kuliko zote pale kisogoni, ibane na karatasi ya chooni kwenye shina, hesabu hadi kumi. Karatasi ikilowa, au vidole vikisikia ubaridi, bado. Penye mawingu tumia draya kwa moto mdogo, ukielekeza kwenye mashina kwanza. Kama umeme umekatika, wiki hiyo pangusa njia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na uache kuosha.

Kamwe usikaushe nywele kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Jiko likae nje au mlango na madirisha yawe wazi.

Kufumua

Wiki ya sita ndiyo ninayopendekeza, ya nane iwe mwisho. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kadiri shina jipya linavyorefuka, uzito wa rasta unaning'inia juu ya kipande kidogo ambacho hakijasukwa. Kinajizungusha, kinakonda, kinakatika.

Tenga siku nzima. Kata rasta chini ya mahali nywele yako inapoishia, ukiwa na uhakika. Fumua kwa mkia wa kitana ukianzia chini. Kila ukimaliza moja, utaona kwenye shina kijifundo cha kijivu: vumbi, mafuta, na nywele zilizong'oka zenyewe. Kiondoe hapohapo, kikiwa kikavu. Paka tone la mafuta, kitanue kwa vidole, kisha chana taratibu. Maji yakigusa kifundo hicho kabla hakijatoka, kinashikana, na hapo mkasi tu ndio utakaosaidia. Hatua hii wengi wanairuka kwa haraka ya kuoga, halafu wanalaumu rasta.

Usiogope fungu la nywele litakalobaki mkononi. Kichwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kila siku, na kwa wiki sita ni kati ya 2,100 na 4,200 zilizokuwa zimefungiwa humo. Angalia mojamoja: yenye kijitone cheupe mwishoni imeng'oka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kijitone ni vya kukatika. Vikiwa vingi, shida ni ukavu au mkazo, na safari ijayo badilisha mtindo.

Kisha osha, stimu, kata ncha, pumzika wiki moja hadi mbili ukiwa na mabutu na kilemba. Aliyesuka mwanzoni mwa Juni atafumua katikati ya Julai, na mkondo wa pili ukianza mwishoni mwa Julai utamfikisha Septemba. Kwa mkondo huo wa pili ningekushauri nywele za uzi, ukizirudia kila baada ya wiki mbili hadi tatu, maana ngozi ya mbele itakuwa imebeba rasta wiki sita nzima.